Inspekta Wako Amenusa Vibaya

Dada Neema, shikamoo.

Huku Ifakara mvua haijakatika tangu juzi, na wali unanukia mpaka njiani. Nimempata mchongaji wa vigoda, Mzee Pius, nikamsimulia riwaya unayoiandika: kigoda cha kale kimeibwa, dalali anacho, inspekta wako anakinusa, anasikia harufu ya moshi, basi anatamka kwamba ndicho chenyewe.

Mzee alicheka hadi akaweka tezo chini. Akanipeleka jikoni kwa mkewe. Juu ya moto vilining'inia vigoda vitatu vyeusi tii, vyote vya mwaka huu.

"Moshi unazeesha kwa mwezi mmoja tu," akasema. "Mwambie dada yako, inspekta wake ameshauziwa kipya. Akitaka kujua cha kale, akigeuze, atazame miguu ilivyolika kwa kuburutwa sakafuni."

Kwa hiyo usiupeleke mswada Ijumaa, dada yangu. Inspekta arudi shule kidogo. Mimi nilikaribishwa chai, nikakalia kimoja cha vile vyeusi. Sasa suruali yangu nayo ni ya kale.

Mungu akutunze, na ukumbuke kula unapoandika.

Mdogo wako,
Beda