Masikio Hayabadiliki

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Baridi ya Eldoret leo haina adabu. Ukungu tangu asubuhi, na matope ya njia ya stesheni bado yako kwenye viatu vyangu.

Leo Yona wangu amekuja kutoka Nairobi. Nilimwacha kwa mjomba wake akiwa na miaka saba, mamake alipofariki. Sasa ana kumi na saba. Miaka kumi! Kila likizo nilisema nitaenda mwakani, na mwaka huo ukifika nasema mwakani. Si kazi iliyonizuia, wacha niseme ukweli hapa ambapo hakuna mtu. Niliogopa macho ya mtoto.

Sina hata picha yake moja.

Na mimi ni mtu wa picha! Chini ya kitanda nina mkebe wa biskuti, ndani yake picha kumi na nne za vijana wa besiboli, ule mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa rungu. Sheria zake sizijui mpaka leo. Bwana ninayempikia, Mmarekani wa misheni, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Yeye hukusanya picha za mabingwa za wakati hawajajulikana, wangali vijana wembamba wa timu za vijijini, suruali zinawapwaya. Kakake humtumia kwa posta. Akipata mbili zinazofanana, moja ni yangu.

Nyingi hazina jina nyuma. Nani angeandika? Wakati huo hawakuwa watu wa kujulikana. Basi nikishamaliza vyombo, Bwana huweka picha ya kijana kando ya ile ya bingwa, tunatazama kama ni mtu mmoja. "Usiangalie sura, Stefano," hunionya. "Sura hunenepa, pua huvunjika. Angalia masikio. Masikio hayabadiliki." Nimekuwa hodari mpaka namshinda.

Kwa hiyo nilienda stesheni bila wasiwasi. Nikafika, nikasimama, nikajaribu kukumbuka masikio ya Yona.

Hayakuja.

Ya wale wazungu kumi na wanne ninayo kichwani yote, hata lile lililokatika ncha. Ya mwanangu, hapana.

Treni ikaingia. Daraja la tatu likamwaga watu, akina mama na vikapu, kuku, watoto. Nikawa natazama masikio ya kila kijana kama mwendawazimu. Ati damu ni nzito kuliko maji. Yangu leo haikuniambia kitu. Watu wakasalimiana, wakaenda zao. Mwishowe tukabaki wawili, mimi na kijana mrefu aliyevuta kofia ya sufu mpaka ikafunika masikio. Mimi namtazama, yeye ananitazama. Akanijia, akavua kofia kwa heshima.

"Samahani, mzee. Unamjua Stefano, mpishi wa misheni? Ni baba yangu, alisema atanipokea."

Masikio yalikuwa ya mamake. Yamesimama kidogo, kama ya mtu aliyesikia anaitwa. Loo, masikio niliyoyatazama miaka yote ya ndoa yangu!

"Namjua," nikasema.

Nikajitwika sanduku lake, nikatangulia. Akanifuata akisema "asante mzee, asante mzee," mpaka tukafika darajani. Hapo ndipo nilipogeuka nikamwambia ni mimi. Akanipokonya sanduku, akabeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Sasa anakula jikoni. Namsikia kutoka hapa, anakula polepole, kwa adabu nyingi, kama mgeni. Nami nimejificha huku na daftari, mtu mzima mzima.

Jumatatu anarudi. Kesho tukitoka kanisani nitamwomba Bwana atupige picha kwa kamera yake, sisi wawili, bila kofia. Nyuma nitaandika jina lake kwa wino. Na langu pia, kwa herufi kubwa, aende nayo, ili siku nyingine akishuka kwenye treni asiniulize baba yake yuko wapi.