Sikio la Bihogo

Mjukuu wangu Devota,

Marahaba. Nashukuru umefika salama, maana simu yako ilipokuwa haipatikani chakula hakikunishuka. Huku Kanazi hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, na maharage yametoka vizuri.

Picha ya ng'ombe wetu unayoichora nimeiona kwenye simu ya shangazi yako. Unaniuliza kama uichore pembe yake iliyovunjika, au uirekebishe apendeze. Ngoja nikuambie.

Nilipokuwa msichana tulikuwa na ng'ombe mwekundu tuliyemwita Bihogo, sikio lake limechanwa na miiba. Nilimchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na sikio lake hivyo hivyo. Mama akanicheka, "We mtoto, unamwaibisha ng'ombe wa watu! Kesho uusiribe ukuta huo kwa udongo."

Kabla sijausiriba, Bihogo akapotea malishoni. Ndama wake alilia mpaka sauti ikamkauka. Tulizunguka vilima vyote, tukakata tamaa.

Akapita mzee mmoja kuomba maji. Kikombe mkononi, akautazama ule ukuta. "Huyu mwenye sikio bovu mbona yuko kwa shemeji yangu? Alifuatana na ng'ombe wake kutoka mtoni, na hawajui ni wa nani."

Jioni hiyo Bihogo alirudi, ndama akanyonya, mama akawa analia huku anacheka.

Tangu hapo, kila tukisiriba jiko, mama alipitisha udongo pembeni, ng'ombe wangu hamgusi.

Basi ichore hiyo pembe, mama. Na ule ushibe.

Bibi yako