Milioni Moja na Moja

Jumatatu, tarehe 3
Nimeshona hadi saa tano asubuhi. Kola mbili za kitenge, zipu moja. Kisha unifomu: blauzi nyeupe, sketi ya buluu. Miaka thelathini na nane, na niko darasa la sita la sekondari. Vita ilinikatia masomo kule Beni.

Prof wa hesabu ameandika ubaoni 1 000 001. Akasema ni nombre premier, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alikuwa amejaribu hadi 13 tu. Nikamwuliza, na zingine je?

"Mama Kavira, rudia mashini yako ya kushona."

Darasa zima likacheka. Sikuona haya. Hasira tu.

Jumanne, tarehe 4
Prefe, mkuu wa shule, ameniita. Ijumaa niombe msamaha mbele ya wote kwa kumhoji prof, ama nisikanyage shule tena. Bila shule, hakuna mtihani wa Serikali. Yaya, dada yangu mkubwa ninayeishi kwake, anasema ni neno moja tu, nilitoe yaishe.

Hapana.

Nimewaza hivi. Kama inagawanyika, kuna kigawanyo kisichopita elfu moja. Hicho na mwenzake vyote viwili vikipita elfu, tukivizidisha tunaivuka 1 000 001. Na kujaribu nombre premier peke yake kunatosha. Nimezitafuta zote hadi elfu, kwenye karatasi ya patroni, ile ya kukatia nguo. Ziko 168. Nitazijaribu zote.

Jumatano, tarehe 5
3, 7, 11, 13: kila mara inabaki 2. Kwa 17 inabaki 10. Gauni la mteja halijaguswa. Nimefika 97. Inabaki 28.

Ishirini na tano zimekataa. Mkono unauma. Labda prof iko na haki. Nachukia kuandika hivyo.

Alhamisi, tarehe 6, asubuhi
101.

Inaingia mara 9901. Hakuna kinachobaki. Nimerudia mara tatu. 9901 mara mia ni 990 100. Ongeza 9901. Ndiyo yenyewe. Nimecheka peke yangu, pini mdomoni.

Ijumaa, tarehe 7
Prefe alisimama karibu na mlango, akingoja msamaha. Nikachukua chaki. 101 × 9901. Nikawageukia.

Prof akazidisha mwenyewe, polepole. Akafuta. Akazidisha tena.

"Iko vile," akasema.

Prefe akasema hata hivyo niombe msamaha, nimemkosea mwalimu heshima. Nikaweka chaki chini.

"Nitaomba kama kosa iko. Munionyeshe iko wapi."

Hakuna aliyecheka. Prefe akatazama ubao, kisha akaniambia niketi. Nikaketi. Prof hakuniomba msamaha. Mimi pia sikumwomba.

Jumapili, tarehe 9
Baada ya kanisa tumechambua maharagwe, mimi na yaya. Akauliza kama 9901 nayo inagawanyika. Nikamwambia hapana. Ingegawanyika, kigawanyo kimoja kingekuwa chini ya mia, na kingeigawa pia ile kubwa. Za chini ya mia zote zimekataa.

Akatoa jiwe kwenye ungo.

"Basi ni hizo mbili tu."

Hizo mbili tu. Mvua ikaanza. Tukaingiza ungo ndani.