Ngoma Ambayo Hawakukupigia

Malaba,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima, 1966

Baba,

Leo pia ngoma imepigwa vibaya. Huyu waliyemweka mahali pako anaigonga kama mtu anayefukuza nyani shambani. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto hawakuisikia, wakafika mahubiri yakiwa yamekwisha. Nimeliandika hilo kwenye shajara yangu, kama ninavyoandika tarehe, mvua, aliyezaliwa na aliyefariki. Kisha nikaiweka kalamu chini, nikaichukua tena ili nikuandikie wewe. Natumia Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichojifunzia kusoma ulipokuwa kibarua wa reli, ukiifuata kila herufi kwa kidole chenye grisi.

Baba, uko wapi?

Ndilo swali ninaloamka nalo. Shuleni tulifundishwa kwamba swali gumu hugawanywa vipande, kila kipande kikajibiwa peke yake. Hili nimeligawanya mpaka limekuwa unga, na bado sina jibu.

Najua sheria ya kanisa letu. Mwanamume mwenye wake wawili anaruhusiwa kuja, kuimba na kutoa sadaka. Anaruhusiwa hata kupiga ngoma ya kuwaita wenzake. Lakini habatizwi mpaka amwondoe mke wa pili. Mama Mkubwa, mke wako wa kwanza, alibatizwa akapewa nafasi benchi za mbele. Wewe ulikaa benchi ya mlangoni tangu kabla sijazaliwa, na uliyetakiwa kumwondoa alikuwa mama yangu, Amoding.

Nilipokuwa mdogo nilidhani wakubwa hukaa mlangoni ili kuulinda. Nilijivuna. Niliwaambia watoto wenzangu, "Baba yangu ndiye askari wa Mungu." Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia, "Asekenye, aliye mlangoni ameshafika. Amebakiza kuitwa tu." Hata jina ulikuwa umejichagulia. Ulitaka kuitwa Simeoni, kwa ajili ya yule mzee aliyesubiri hekaluni hadi macho yake yakaona. Mama alikuwa akikutania jikoni: "Simeoni, kuja kula, uji inapoa." Nawe ulikuwa ukiitika.

Kisha ikaja ile siku. Kwenye shajara yangu nimeandika tarehe, na chini yake nafasi tupu. Sijawahi kuijaza. Acha niijaze hapa.

Mwalimu wa kanisa alikuja mchana na bakuli la maji, kwa kuwa ulikuwa umeomba ubatizwe kabla hujaondoka. Kichwa chako kilikuwa kwenye mapaja ya mama. Mama Mkubwa alikuwa akikupepea kwa kanga. Mwalimu alisema kwa upole, na upole wake sitausahau, kwamba lipo neno moja tu linalotakiwa. Useme mbele ya mashahidi kwamba Amoding si mke wako.

Na mama yangu, Baba, mama yangu mwenyewe akainama sikioni mwako akasema, "Sema, baba Asekenye. Sema tu. Maneno haiwezi kuniua."

Ukamtazama mwalimu. Ukamuuliza, "Nikidanganya saa hii, huyo Mungu atanisikia ama hatanisikia?"

Mwalimu aliomba sala fupi, akatoka. Nilimwona akiyamwaga yale maji kwenye shina la mgomba. Jua lilipoteremka ulikuwa umekwenda.

Ngoma haikupigwa. Ni wewe uliyempigia kila Mkristo aliyefariki, wa upande huu na wa ng'ambo, ule mdundo wa polepole ambao watu wakiusikia huweka jembe chini na kuuliza, "Ni nani?" Siku yako hakuna aliyeuliza. Watu waliendelea kupalilia. Tulikuzika kama tunavyozika ng'ombe mgonjwa, haraka na kwa kunong'ona.

Sasa nikuambie kilichobadilika. Baada ya maombolezo mwalimu alirudi kumwona mama. Alikuwa na habari njema, alisema. Amoding sasa ni mjane, hana kizuizi tena, anaweza kuingia darasa la ubatizo kabla ya Pasaka. Mama alikuwa anachambua wimbi. Hakuinua macho. Alisema, "Kumbe mwalimu, kufa kwake ndio kumenisafisha?"

Mwalimu alisema sheria si yake. Nilimkumbusha yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana, ambaye hakuoshwa na maji yoyote wala hakurudisha alichoiba; aliomba tu akumbukwe. Mwalimu akaniambia, "Dada, yule hakuwa na bibi wawili." Halafu nadhani aliona aibu, maana alichukua baiskeli yake akaondoka bila kumaliza chai.

Nilimwuliza pia kama naweza kukuombea. Alisema imeandikwa kwamba mti ukianguka umelala ulikoangukia. Baba, niambie umelala wapi. Nimefundishwa, na mwalimu huyohuyo ndiye aliyenifundisha, kwamba wote tumepotea, kwamba hakuna anayelipia wokovu wake kwa matendo, kwamba ni zawadi na mkono wa kuipokea ni imani. Niliyajibu hayo kwenye mtihani nikasifiwa. Kama ni zawadi, mbona ilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa mama yangu? Na kama imani ndiyo mkono, wewe uliunyosha miaka yote ile. Mimi niliuona. Ulikuwa na sugu za ngoma.

Usiku mwingine nafikiri hivi: ungemfukuza mama nisingezaliwa, nawe ungekuwa umelala salama. Basi mimi ndiye dhambi yako, yenye miguu na cheti cha shule. Nikifika hapo siwezi kusali.

Leo mama alikwenda kanisani kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Hakwenda mbele kwa wanadarasa. Alikaa kwenye benchi yako ya mlangoni, peke yake, na watu walimpita kama wanavyopita shimo. Ndipo Mama Mkubwa akainuka kule mbele. Alipita katikati ya kanisa na fimbo yake, mahubiri yakiendelea, mpaka mlangoni. Nilimsikia mimi, alisikia kila mtu: "Sogea, mwenzangu. Huko mbele iko baridi."

Mama akasogea. Mwalimu alikatiza mahubiri akasema tusimame tuimbe, ingawa haukuwa wakati wa kuimba.

Sijui hiyo ni nini, Baba. Sitaki kuita jambo dogo kwa jina kubwa. Lakini walipokaa wale wawili bega kwa bega nilipumua, na nilikuwa sijapumua tangu yale maji yamwagwe. Kisha hofu ikarudi. Iko hapa sasa, imekaa nami mezani.

Nakuahidi kwamba mama hatakaa kwenye ile benchi peke yake tena. Siku nitakayopewa kipaimara, nitaulizwa ninaamini nini. Nitasema ninaamini neema, kwa sauti, nikiwa nimegeukia mlangoni. Na nitamwomba Mungu akukumbuke kwa jina lile ulilochagua, waseme watakavyo kuhusu mti.

Kwaheri, Simeoni. Ukifika huko ukakuta mlango umefungwa, usirudi. Kaa hapo nje kama ulivyozoea, upige ngoma. Piga ule mdundo wa Jumapili, ule wa kuvuka mto. Huku hakuna aliyeweza kulala ulipoupiga. Na huko pia, Baba, nakusihi, piga mpaka wa ndani asikie.

Binti yako,
Asekenye