Siku Niliyokupa Mgongo Uwanjani

Mpendwa mdogo wangu Selemani,

Theluji imeyeyuka hapa Rinkeby, na jana wamechora upya mistari ya chokaa uwanjani. Nilisimama dirishani nikakukumbuka. Kuna jambo ambalo kwa miaka miwili, tangu urudi Morogoro, nimeshindwa kukuandikia.

Unakumbuka ulivyonivuta kwenye besiboli kwa hila? Ulikuwa umekuja Stockholm kusomea ufundi wa mitambo, unakaa kwangu, ukaniambia, "Dada, njoo Jumapili, kuna chakula." Nikakuta baridi, soseji moja, na wewe katikati ya uwanja unarusha kampira kagumu kama jiwe. Sikuelewa kitu. Lakini wapigaji walikuwa wakipiga hewa kwa magongo yao, mmoja baada ya mwingine, na Mzee Kisambira, yule jirani yetu Mganda, akaninong'oneza, "Huyu mdogo wako ana mkono." Haukupita mwezi, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele kuliko wote. Jezi yako niliifua kwa mikono, nembo isije ikachubuka kwenye mashine.

Kisha ikaja ile Aprili. Ulikuwa umeshahamia chumba chako. Ulikaa mezani kwangu, ukazungusha kikombe cha chai, ukasema, "Dada, mwaka huu nachezea Vårby gård."

Vårby gård, Sele. Wale waliotushinda miaka miwili mfululizo, wakatuimbia mpaka ndani ya treni. Nilipouliza sababu ulisema, "Nimeamua tu." Nikakutolea maneno ambayo sitayarudia hapa. Rehema wangu, wakati huo ana miaka sita, akauliza kwa Kiswidi kama wewe bado ni mjomba wake. Ulimjibu ndiyo. Mimi nikakiondoa kikombe chako mezani.

Mwezi Juni mkaja kucheza kwetu. Ulipoingia na jezi yao nyekundu nilisimama, nikageuka, nikakupa mgongo mbele ya watu wote. Nikasikia gongo likigonga mpira, nikasikia watu wetu wakiguna, nikajua umeupeleka mbali. Sikugeuka. Mzee Kisambira akasema taratibu, "Mama Rehema, huyo si umemlea mwenyewe?"

Hukukanyaga tena kwangu hadi Idi. Nikakuomba unishushie sufuria kubwa la pilau kutoka juu ya kabati. Ukanyoosha mkono wa kushoto.

"Tumia yote miwili, litakuangukia," nikasema.

Ukajaribu wa kulia. Uliishia usawa wa sikio, na uso wako ukakunjamana.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Huku kila mtu anataka nirushe, Dada, na wewe zaidi. Kule nimeomba nipige tu, wakakubali."

Nikachemsha maji, nikakukanda bega pale pale jikoni, hata kanzu yako ya Idi ikaloa. Jumapili iliyofuata nilimshika Rehema mkono, tukapanda treni hadi katikati ya mji, tukabadilisha, tukafika Vårby gård na kukaa na watu wao. Siku hiyo ulikosa mipira mitatu, ukatolewa. Nilikupigia makofi mpaka mama mmoja pembeni akaniuliza kwa upole kama naujua huu mchezo.

Tukarudi kuwa ndugu. Tukala, tukacheka, ukamaliza masomo, ukaenda zako. Lakini sikukuomba radhi. Nilijiambia kwamba mkubwa kumwangukia mdogo si desturi yetu. Leo naona haikuwa desturi, kilikuwa kiburi changu. Bega lilikuuma msimu mzima, na mtu uliyeogopa kumwambia nilikuwa mimi, niliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea.

Nisamehe, Sele.

Msalimie mkeo, na umwambie Mama kwamba Rehema sasa anasoma Kiswahili, ingawa bado ananijibu kwa Kiswidi. Na ukilala, usilalie ubavu wa kulia.

Ni mimi,
Dada yako