Bado Inadai Kitu Kimoja

Rhamu,
Jumanne, baada ya alasiri

Kwako abaayo, dada yangu Fowsiya,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na Idman awe ananyonya vizuri na kukunyima usingizi kama mtoto anavyostahili. Msalimie mama, mwambie uji wake nimeuota. Mimi mwili hauna neno. Ni joto tu, na upepo wa mto Daua unaoleta harufu ya vitunguu mpaka ndani ya stoo ya dawa.

Utashangaa Qabale anaandika barua na jana tu tumeongea. Soma polepole, utajua.

Zahanati iliponipa ile programu ya kuhesabia dawa, nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kumbe! Ilikataa, ikasema haiwezi kukaa bila programu nyingine chini yake. Mtandao wa huku ni jina tu, ikabidi nikusumbue kwenye arobaini yako. Ukapakua, ukatia kwenye flashi, Abdiwali wa basi akaileta. Nikaiweka, nayo ikadai wenzake wawili. Flashi ikarudi Garissa. Ukasema ni kama harusi za kwenu, unamwalika mtu mmoja anakuja na ukoo mzima. Nilicheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Halafu ikaja ile balaa ya matoleo. Hii ya dawa inataka toleo la zamani la ile ya chini yake, na programu ya maabara iliyomo kwenye kompyuta hiyo hiyo inataka jipya. Ukiridhisha moja, nyingine inazimika. Kila jioni ukawa unanipigia, mtoto kifuani, tunasoma makosa mstari kwa mstari. Tukichoka na kompyuta, ulikuwa unaniuliza nimekula nini.

Fowsiya, huku hakuna mwingine anayeniuliza hivyo. Watu wa Rhamu ni wema, wallahi, wananisalimia njia nzima, lakini salamu zao zinaishia kwenye dawa: zimefika, zimekwisha, zinakuja lini. Nikifunga stoo naingia chumbani, na mpaka asubuhi sitoi neno ila kwenye sala. Upweke umenikaba, dada yangu.

Jana umeniambia arobaini ikiisha tu utapanda basi na Idman, uje umalize kazi hii mwenyewe nisije nikafukuzwa.

Abaayo, programu inafanya kazi. Siku ile uliponishauri niipe nafasi yake peke yake, mbali na ile ya maabara, ilikubali pale pale. Mkubwa wangu ameiona na ameridhika. Makosa ninayokusomea tangu hapo ni yale ya zamani, nayarudia tu. Niliogopa kwamba ikikubali hutakuwa na sababu ya kunipigia. Nimejaribu kukwambia kwa simu, lakini nikisikia sauti yako naishia kusema bado inadai kitu kimoja.

Kasirika, ni haki yako. Ila usimpitishe mtoto mchanga kwenye vumbi la Wajir na mawe ya Elwak kwa sababu ya uongo wangu. Nampa Abdiwali barua hii akukabidhi mkononi kabla hujafunga mzigo. Ukishaisoma nipigie, hata kama ni kunitukana. Nitapokea.

Nibusie Idman, na Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Qabale Jarso