Piano Iliyopindishwa kwa Makusudi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari, unisamehe. Mara ya mwisho kukuandika nilikuwa na tumbo kubwa, nakuegemeza juu yake kama meza. Meza yenyewe sasa ina miezi minane, ina meno mawili na usingizi haiujui. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine sina.

Tumefika leo mchana — mimi, Chiriku mgongoni, na mkoba wa Baba wa spana. Chiriku ni jina alilompa baba yake kwa ajili ya kelele, na limemkaa. Chuo cha muziki kimetupa chumba nyuma ya jiko: kitanda kimoja, sinki linalodondoka, dirisha linalotazama nguo za watu kwenye kamba. Kuna piano kumi na nne hapa, na Baba amezitengeneza tangu mimi niko darasa la pili. Ndizo zinazotulisha.

Kwa nini nimekuja bila yeye? Tunajua watu watatu tu: mimi, yeye na mume wangu. Sikio la kulia la Baba lilikufa miaka miwili iliyopita. La kushoto linafuata. Tangu hapo tunafanya hivi: yeye anakaza na kulegeza waya, mimi nakaa pembeni, siku hizi na mtoto, na sauti ikikaa sawa nagonga sakafu kwa kisigino. Anauona mguu wangu, anaacha. Watu wanaona fundi mzee na binti yake aliyemsindikiza. Basi.

Safari hii alisoma barua ya chuo, akaikunja mara nne, akasema ana mafua. Baba yangu hajawahi kuugua mafua.

Nimemwambia Mkuu wa chuo: mafua.


Jumanne, 5 Machi

Nimeielewa ile barua. Maskini Baba.

Jumapili kuna mgeni, mpiga piano, atapiga kwenye ukumbi mkubwa. Na hataki piano ilivyo. Kawaida kutoka kibonye hadi jirani yake hatua ni zilezile, kama ngazi za jengo. Huyu anaikata kila hatua vipande mia, halafu anaanza kuhamisha watu! Mi ishuke vipande kumi na vinne. Kile cheusi kati ya la na ti kishuke thelathini na moja. Kile kati ya fa na so kishuke arobaini na tisa — yaani kisiwe huku wala kule, kama mgeni anayesimama mlangoni hakaribii wala haondoki. Na kile kati ya so na la kipandishwe arobaini na moja. Ukurasa mzima hivyo.

Kwa sikio zima ni kazi. Kwa sikio la Baba ni aibu mbele za watu.

Niliikodolea macho ile karatasi mpaka Chiriku akaichukua na kuilamba. Ndipo nikaiacha, nikabonyeza do ya chini kabisa, ule waya mnene, nikaweka sikio kwenye mbao. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: subiri kelele ipite, utasikia waliomo ndani. Na wamo. Kuna do nyingine juu yake, kuna so, halafu kwa mbali kuna mi — na ile mi iko chini kidogo kuliko mi tunayoiweka siku zote. Endelea kusikiliza, unampata na yule mweusi aliyeshuka thelathini na moja. Wote wamo tumboni mwa waya mmoja! Mgeni hana wazimu. Anataka vibonye viimbe kile ambacho waya mnene unaimba tayari.

Nikaitupa karatasi pembeni. Kazi ikachukua saa tano nzima, na mapumziko ya kunyonyesha. Sauti mbili zikikaribiana bila kufika zinapigana, wa-wa-wa, kisha waa… waa… kisha kimya, zimekuwa kitu kimoja. Nikapiga do, mi, so pamoja. Zilisimama kama maji kwenye beseni. Chiriku akaacha kulia katikati ya kilio, mdomo wazi.

Halafu nikapiga sauti tatu kama hizo kuanzia kibonye kingine. Mbuzi juu ya bati.

Mlinzi wa jengo, mama mmoja mnene mwenye funguo kiunoni kama njuga — wanamwita Mama Funguo — aliingia mbio akauliza nimeivunja. Nikamwambia hapana, shangazi, nimeipinda, kwa makusudi. Akafikiri. Akasema basi aandike. Akaandika kikaratasi USIGUSE, akakibandika juu ya kifuniko, na chini yake akaongeza: HATA WEWE.


Jumatano, 6 Machi

Nimetenda dhambi na sijutii. Kidogo tu.

Hapa kuna mwalimu wa kwaya ambaye wanafunzi wanamwita Sikio. Yeye anadhani ni sifa. Anasema kijiko kikianguka jikoni anakujulisha kimeangukia sauti gani. Leo saa tisa alikuja ukumbini na wanakwaya wake ishirini, akabandua kikaratasi cha Mama Funguo bila kukisoma, akafunua piano, akakaa.

Nilitaka kusimama nimwambie. Kweli nilitaka. Lakini nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, Chiriku ananyonya, jicho moja limeshafumba — usingizi wake wa kwanza tangu alfajiri. Kwaya gani inastahili kuvunjiwa usingizi wa mtoto?

Akawapa sauti. Wakaifuata. Piano iliposhuka, wakashuka. Walipofika kwenye vile vyeusi, kina dada wa sauti ya pili wakatazamana. Sikio akagonga kifuniko cha piano. Akawaambia besi ni wavivu, wanaukokota wimbo kama gunia. Besi mmoja, pande la mtu, akajaribu kusema kwa adabu kwamba labda ni piano.

"Piano haina makosa," akasema Sikio. "Makosa yana miguu."

Niliuma shuka la mtoto nisicheke.

Nusu saa! Kila walipokosea kwa kufuata zile sauti walizozoea, akawarudisha kwenye zile nilizopinda mimi. Mwisho wakaacha kubishana, wakaimba palepale piano ilipo, na — nikuambie ukweli, daftari — ile mi ya mwisho ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kusikia kwenye kwaya. Hata yeye alifumba macho.

Nitamwambia kesho.


Alhamisi, 7 Machi

Sikuwahi.

Mgeni aliwasili asubuhi. Mwanamke mdogo, raba miguuni, kabeba mto wake wa kukalia kwapani. Hakunisalimia kwanza, alikwenda kwenye piano, akabonyeza ile do nene, akaanza kuwaita waliomo ndani mmoja mmoja. Kisha akageuka akauliza nani kafanya. Nikasema tumefanya. Akauliza nani na nani. Nikamwonyesha Chiriku. Akaenda kumpa mkono.

Basi nikajiona! Nikaanza kupanga nitakavyomsimulia Baba.

Ndipo akawasha spika. Kumbe hapigi peke yake, kuna sauti zimerekodiwa zinapiga naye. Katikati ya piano zilikaa pamoja vizuri. Lakini alipopanda juu, vibonye vya mwisho, zile oktava mbili, do hadi do mara mbili — zikaanza kupigana na spika kama mawifi.

Nililijua kosa langu kabla hajasema. Ni mkono wa Baba. Juu kabisa huwa tunazivuta sauti zipande kidogo kuliko inavyotakiwa kwa hesabu, kwa sababu sikio la mtu huko juu linapenda hivyo. Nimeona hivyo tangu utoto, nimefanya hivyo bila kufikiri. Fundi mwingine yeyote angekosea kosa jingine. Hili ni la nyumbani kwetu. Ila spika haina sikio la kubembelezwa. Mgeni akasema taratibu kwamba hapo juu pashuke, kila kibonye, kabla ya Jumapili. Nikasema patashuka.

Sikio alikuwa anapita mlangoni. Akasikia neno "kosa". Hakusubiri la pili.

Saa nane nikaitwa ofisini. Mkuu ni mama wa miwani ya kamba, anakusikiliza huku anapanga kalamu. Sikio ameketi tayari. Akasema mwanamke mwenye mtoto ameiharibu piano ya ukumbi, na kwamba yeye alilisikia kosa tangu Jumanne, noti ya kwanza.

Nikamuuliza kwa heshima zote: "Tangu Jumanne, Mwalimu? Na jana mlivyoimba nusu saa?"

Sikio akavua miwani yake, akaifuta. Mkuu akamtazama muda mrefu. Mimi nilikuwa namfuta Chiriku udenda. Mwalimu akakumbuka ana kipindi, akatoka.

Lakini Mkuu hakusahau kilichotuleta. Akasema sikio halipiti kichwa, mwanangu, mpigie baba yako nizungumze naye. Akapiga yeye mwenyewe, akaweka sauti ya nje. Simu ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu. Nilikuwa namwona Baba kabisa — ameketi karakana, simu inalia kwenye meza, ameipa mgongo.

"Hasikii simu?" akauliza.

Ningeweza kusema amelala. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshachanwa nywele. Nikachoka. Nimechoka tangu mtoto azaliwe, lakini kuchoka huku kulikuwa kwingine.

"Hasikii, Mkuu. Si simu tu."

Kalamu zikasimama. Nikamweleza yote, kisigino na kila kitu. Akasema basi miaka miwili mmetudanganya. Nikamwambia miaka miwili piano zenu zimekuwa sawa, na kama kuna moja iliyokosea anionyeshe. Uongo wetu ulikuwa nani kakaa kiti gani. Sikupandisha sauti. Wala sikuishusha.

Akasema hivi: Jumapili piano ikikaa, tutazungumza, mimi na yeye. Isipokaa, Jumatatu anawaita wale mafundi wa kampuni wanaopima kwa mashine. Na si kwa hiyo moja. Zote kumi na nne.

Nilipotoka nilikwenda kukaa chooni kidogo. Chiriku akacheza na karatasi.


Ijumaa, 8 Machi

Kwa haraka.

Asubuhi nilimkuta Sikio kasimama mlango wa ukumbi, mikono nyuma. Hakuomba radhi, watu kama wale hawana hicho kiungo. Akauliza tu kama kuna msaada. Nikamwambia Mwalimu, nimesikia una sikio zuri, basi kuna mtu hapa anatafuta wa kumsikiliza. Nikampa mtoto.

Dakika kumi. Chiriku akampokonya miwani, akaitupa, akamlilia sikioni kwa nguvu zake zote. Sikio akanitangazia kwa mbali kwamba mtoto analia kwenye la. Nikasikiliza. Ilikuwa so. Nikamwambia hongera.

Nacheka, lakini hapo ndipo nilipoharibu. Baba ana sheria moja: waya unaotaka kuupandisha, ushushe kwanza kidogo, uachie kutu, ndipo uvute. Kile cheusi cha juu kati ya so na la nilikuwa nimekishusha kupita kiasi, nikataka kukirudisha upesi kabla kilio hakijawa kikubwa. Nikavuta moja kwa moja. Paa! Waya umekatika, umenichapa mkono, na ncha imechana felti ya jirani. Hapo kibonye kimoja kina waya tatu, sasa mbili. Mgeni alikuja akaangalia mkono wangu kwanza, ndipo piano. Hilo sitalisahau. Akasema bila waya ule, wimbo wa mwisho haupigiki.

Zilizobaki juu nimemaliza nusu. Nusu ile imekaa na spika, sioni haya kusema — imekaa kimya kabisa. Kesho nahitaji siku nzima na mikono yote miwili. Mama Funguo ana harusi ya mpwa wake, anaondoka alfajiri. Sikio amesema kesho ana homa. Mafua, kasema!

Nimempigia mume wangu. Yuko karakana, kaenda kumwambia Baba kwamba Mkuu anajua, na kwamba waya umekatika. Kamwandikia kwenye ubao, maana kwa mdomo haifai tena. Anasema mzee alisoma, akafuta ubao mwenyewe kwa kiganja. Kisha akauliza ni waya namba ngapi.

Nampigia tena sasa hivi. Naorodhesha hapa nisisahau, Chiriku ananivuta kalamu. Vije kwa basi la kwanza kesho:

Waya namba kumi na nne, ile iliyo kwenye kopo la biskuti. Si ya msumarini, ile ina kutu.

Koleo ndogo ya kukunjia ncha.

Felti nyekundu, urefu wa kiganja.

Kabari mbili za mpira, za kunyamazishia waya za jirani. Moja ya hapa imetafunwa, na meno mawili hayohayo.

Nepi. Kubwa, si zile alizonunua mume wangu mwezi uliopita akidhani mtoto hakui.

Plasta ya mkono.

Na Baba. Apewe kiti cha mbele cha basi kwa ajili ya magoti yake. Aambiwe sauti nazisikia mwenyewe, haji kwa ajili ya hizo, na spana asiiguse. Nataka anishikie mtoto kuanzia saa tatu asubuhi mpaka nitakapomaliza. Akisema ana mafua, avae koti.